Taa Nyekundu Chini ya Tepu

Sehemu ya Saba

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani, Kagwiria hufuta dashibodi ya gari lake kwa kipande cha leso kuukuu iliyokuwa ya mama yake. Kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Leo walitoka Maua mbiombio, akasahau. Akaikumbuka kazi hiyo Kanyakine, gari limesimama kando ya barabara, injini inanguruma, baba yake ameshuka kununua ndizi mbivu.

Kushoto kwenda kulia. Kisha kitambaa kikakwama.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: ukucha wake umenasa kwenye ncha ya kitu cheusi, chembamba, kinachonata. Tepu ya mafundi wa umeme. Ilikuwa imebandikwa kwa ustadi juu ya kioo cha mita, nyeusi juu ya nyeusi, usingeiona hata ungetazama mara mbili.

Kagwiria akaivuta.

Chini yake kulikuwa na taa. Nyekundu. Duara, na alama ya mshangao katikati.

Taa ya breki.

Aliijua. Aliiona Jumanne akitoka shule anakofundisha, na hakumwambia mtu. Hakulipeleka gari kwa fundi. Aliiacha iwake makusudi, kwa sababu aliihitaji. Jumamosi ikifika, angesimama mbele ya baba yake, amwoneshe taa na kusema: "Baba, ona, hii gari haiwezi kufika Embu." Safari ingekufa, na yeye asingelazimika kutamka neno lolote gumu.

Maana Embu walikuwa wanakwenda kuposa. Si kumposea kaka wala binamu. Mposaji alikuwa baba yake mwenyewe, Mzee Muthamia, mjane wa miaka sitini na mitatu. Na kwa miezi mitatu Kagwiria alikuwa ametafuta pa kuanzia ili amwambie kwamba hataki, asipaone.

Lakini leo alfajiri alipowasha gari, taa haikuwepo. Kisingizio chake kilikuwa kimetoweka. Akadhani imezima yenyewe, akatia gia, wakaondoka.

Kumbe haikuzima. Ilifunikwa. Na katika boma lao walilala watu wawili tu.

Nje, mama wa ndizi alikuwa anacheka.

"Mzee, hilo furushi unalibeba kama mtoto mchanga! Si uliweke chini uchague ndizi?"

"Hili haliwekwi chini."

"Kwani nani anaoa?"

"Mimi," akasema Muthamia.

"Wacha! Na hayo meno matatu?"

"Ni matano. Na bibi arusi ameshayahesabu."

Kagwiria aliyasikia yote kupitia dirishani. *Mimi.* Neno hilo baba yake alikuwa hajawahi kulitamka nyumbani. Nyumbani husema "ile safari" au "lile jambo la Embu". Leo amemwambia muuza ndizi asiyemjua hata jina.

Mlango ukafunguka. Muthamia akaingia, ndizi mkono mmoja, furushi mkono wa pili. Akalipakata.

Kwa asiyejua: kule kwao Igembe mwanamume akienda kuposa hapeleki maneno matupu. Anapeleka furushi la miraa lililofungwa kwa majani na kamba za mgomba, limekatwa alfajiri ya siku hiyo hiyo. Wakwe wakilifungua, wamekubali. Wakikataa kulifungua, mposaji analibeba na kurudi nalo kwao. Likifunguka njiani, haliwi furushi tena.

Na hili lilikuwa la mwisho. Mwezi uliopita walikosa miadi kwa sababu Kagwiria aliumwa tumbo, tumbo ambalo lilipona mara tu saa ya kuondoka ilipopita. Ndambiri, kaka mkubwa wa mwanamke anayeposwa, akapiga simu: "Jumamosi, saa tano asubuhi. Saa tano ikipita, Muthamia, tafuta mke Maua."

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

"Baba," Kagwiria akasema. "Hii ni nini?"

Muthamia akautazama mkono wa binti yake. Tepu ilikuwa imejisokota kwenye kidole kama mnyoo.

"Ni tepu."

"Najua ni tepu. Nani aliibandika?"

"Kula ndizi."

"Baba, ni nyekundu. Mwalimu wa udereva alituambia, ya njano unatafuta fundi, nyekundu unasimama."

"Huyo mwalimu alipeleka miraa Nairobi mara ngapi?"

Kagwiria akaikwangua tepu kidoleni.

"Mimi nimepeleka miaka ishirini na miwili," mzee akaendelea. "Sisi tulizifunika zote. Ukianza kusikiliza taa, ndege inaondoka Nairobi na mzigo wa wengine, wako unabaki kukauka. Taa haiendeshi gari. Hebu kanyaga breki. Inashika ama haishiki?"

Akakanyaga. Pedeli ikasimama.

"Inashika."

"Basi. Twende."

Hatua thelathini mbele, kando ya barabara, kulikuwa na kibanda cha fundi. Gurudumu limening'inizwa juu ya mlingoti, mtu mwenye ovaroli anakunywa chai. Kagwiria alimtazama. Ingetosha kusema, "Baba, hii taa niliiona Jumanne, lazima tumwone yule fundi." Lakini mzee angeuliza: uliiona Jumanne, mbona ulinyamaza? Na jibu la swali hilo ndilo lile lile lililomshinda kwa miezi mitatu.

Akatia gia.

Wakampita fundi na kikombe chake.

* * *

Walikuwa wanakaribia Igoji simu ya Muthamia ilipolia. Yeye hajui kuongea na simu bila kuifungulia sauti yote, kwa hiyo Ndambiri akajaa gari zima.

"Muthamia! Uko wapi?"

"Igoji! Tunaingia Igoji!"

"Igoji ya leo ama ya mwezi uliopita?"

"Ya leo, shemeji!"

"Usiniite shemeji bado. Wazee wameshakaa hapa, wamekunywa chai ya kwanza. Na ujue sisi huku tuna muguka yetu, miraa ya majani. Hivyo vijiti vyenu vya Maua tutavipokea kwa heshima tu."

"Mtavipenda! Mtasahau muguka!"

Ndambiri akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Na yule binti? Nakuuliza tena mbele ya wazee. Sisi hatutoi dada yetu aende kuchukiwa nyumba ya watu. Amekubali?"

Kagwiria akaushika usukani kwa nguvu.

"Amekubali!" Muthamia akasema. "Kwani nani ananiendesha? Si ni yeye?"

Simu ikakatika. Ndani ya gari kukabaki sauti ya injini.

Amekubali. Kagwiria akajaribu kukumbuka ni lini aliulizwa. Hakukumbuka. Hakukuwa na siku kama hiyo. Akamtazama baba yake kwa pembe ya jicho, naye mzee alikuwa anatazama mashamba ya chai upande wake wa dirisha, upande ambao jicho lake lina mtoto wa jicho na haoni kitu. Jicho hilo ndilo lililomfanya aache kuendesha.

Mbele yao tuktuk iliingia barabarani ghafla. Kagwiria akakanyaga breki.

Pedeli ikazama nusu nzima kabla ya kushika.

"Baba, pedeli inaingia ndani."

"Pampu."

"Nini?"

"Kanyaga mara mbili, haraka. Ya kwanza inajaza, ya pili inashika."

Akafanya hivyo. Ikashika. Taa nyekundu ilimtazama tu, haipepesi.

Kilomita kumi mbele, karibu na njia panda ya Chogoria, mara mbili hazikutosha tena. Ilibidi apige tatu. Nyuma ya gari kulianza kuja harufu ya chuma cha moto, na harufu nyingine chini yake, ya ajabu, safi, kama ya nguo zilizoanikwa.

"Tusimame," Kagwiria akasema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Baba, tafadhali. Tupige simu tuwaambie gari imeharibika."

"Tukiwaambia imeharibika, watasema hiyo ni tumbo ya pili."

Kagwiria akageuka kumtazama. Mzee aligeuza uso haraka.

Alijua. Mungu wangu, alijua kuhusu tumbo.

Hakupata nafasi ya kuuliza. Barabara ilikuwa imeanza kuteremka kuelekea Nithi.

* * *

Mteremko wa Nithi hauhitaji maelezo kwa mtu wa Meru. Ukiwa mtoto, mama yako huacha kuongea mkifika pale. Kibao kinasema weka gia ndogo. Barabara inainama, inapinda, inainama zaidi, na chini kabisa kuna daraja, na chini ya daraja kuna mawe na maji.

Kagwiria alikuwa gia ya tatu. Akakanyaga breki kupunguza mwendo.

Pedeli ikaenda hadi sakafuni.

Akapiga ya pili. Sakafuni. Ya tatu, ya nne. Ilikuwa kama kukanyaga sifongo.

"Baba, haishiki!"

"Pampu!"

"Napampu! Hakuna kitu! Baba, hakuna kitu!"

Gari lilikuwa linaongeza mwendo. Miti ilianza kupita haraka.

Muthamia akaketi wima. Kwa sauti ambayo Kagwiria hakuwahi kuisikia, sauti ya miaka ishirini na miwili ya barabara, akasema:

"Nisikilize mimi. Usiangalie daraja. Klachi. Gia ya pili. Sasa!"

"Itavunjika!"

"Ivunjike! Gia ya pili!"

Akashusha gia. Injini ikapiga yowe, gari likatikisika kama limeshikwa mkia. Mwendo ukapungua kidogo. Kidogo tu.

"Handbreki. Vuta kidogo, achia. Vuta, achia. Usivute yote, tutazunguka."

"Baba, kwa nini haishiki? Ilikuwa inashika!"

"Nilitia maji!"

"Ulitia nini?"

"Maji ya sabuni! Kwa kopo la breki! Jana jioni!"

"Baba!"

"Ndivyo tulikuwa tunafanya! Vuta, achia!"

Ndiyo hiyo harufu ya nguo zilizoanikwa. Madereva wa zamani, mafuta ya breki yakiwaishia porini na mzigo unakauka, walikoroga sabuni ya kipande kwenye maji na kuyamimina humo. Kwenye tambarare inasaidia. Kwenye mteremko breki zinapata moto, maji yanachemka, na mvuke haushiki gurudumu lolote.

Kona. Na baada ya kona, lori.

Lilikuwa limebeba viazi, linatambaa mbele yao kama kobe, turubai limepasuka nyuma.

"Honi! Piga honi! Kulia, pita kulia!"

"Sioni mbele!"

"Mimi naona! Pita!"

Alikuwa anaona kwa jicho moja. Kagwiria akakata usukani kulia. Wakawa bega kwa bega na lori, magurudumu yake marefu kama mlango wa nyumba yakizunguka karibu na sikio la mzee. Mbele yao, kutoka upande wa daraja, gari likawasha taa kubwa. Mara moja. Mara mbili.

"Sasa kushoto. Kushoto!"

Akakata. Kioo cha pembeni upande wa mzee kikagonga kona ya lori, kikaruka. Lile gari la mbele likapita likilia honi ndefu.

Kisha wakawa juu ya daraja. Kagwiria aliiona reli ya pembeni ikipita kama meno ya kitana, na hakukumbuka kupumua.

Kisha barabara ikapanda.

Upande wa pili wa Nithi ni mlima, na mlima ulifanya kile kilichozishinda breki. Gari likapunguza mwendo. Likapunguza tena. Kagwiria akalisogeza kando, magurudumu ya kushoto yakiwa kwenye nyasi, na hatimaye likasimama, injini ikajikwaa na kuzima.

"Tumesimama," akasema. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Baba, tumesimama."

Kwa ile furaha ya kusimama, akafanya kosa. Mkono wake, kwa mazoea ya kila siku ya kuegesha shuleni, ukatoa gia.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Kagwiria akavuta handbreki mpaka mwisho. Ilikuwa imeungua. Ilishika kidogo, ikateleza, ikashika, ikateleza. Nyuma yao mteremko ulikuwa unashuka moja kwa moja hadi darajani, na lile lori la viazi lilikuwa linalivuka daraja sasa hivi.

"Gia!" mzee akapaza sauti.

Gia ikakataa kuingia, ikasaga meno.

Mlango wa abiria ukafunguka.

"Baba, usitoke! Baba!"

Muthamia alikuwa ameshatoka. Akayumba, akakaribia kuanguka, akashika ubavu wa gari akarudi nalo hatua kwa hatua. Alitafuta jiwe kwa jicho lake moja. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na nyasi, chupa ya plastiki na furushi lililokuwa kwapani mwake.

Kagwiria alimwona kwenye kioo cha ndani. Alimwona akilitazama, muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kisha mzee akapiga magoti na kulisukuma furushi chini ya gurudumu la nyuma.

Pakasikika sauti ya vijiti vikivunjika, vingi kwa pamoja. Gari likapanda juu ya furushi, likasita, likasimama.

Gia ikaingia.

Lori likawapita, dereva wake akipiga kelele ambazo hawakuzisikia. Muthamia alikwenda ng'ambo ya barabara, akarudi na jiwe kubwa amelikumbatia, akaliweka kwenye gurudumu la pili. Halafu akaketi chini kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa kamba.

* * *

Mwenye bodaboda alipunguza mwendo alipowafikia.

"Madam, hiyo gari na breki zimeachana?"

Hakuna aliyecheka. Akawatazama vizuri, akavua kofia yake ya chuma.

"Poleni. Niwaitie fundi kutoka Chuka?"

"Tuitie," Kagwiria akasema. "Mwambie alete mafuta ya breki. Na mwambie mfumo wote umejaa maji ya sabuni, asije akashangaa."

"Sabuni?" Kijana akamtazama mzee, akaelewa, akavaa kofia na kuondoka bila kuuliza zaidi.

Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Fundi akija mapema, akimaliza mapema, pengine wangefika Embu. Lakini wangefika na nini?

Kagwiria akaenda akachuchumaa karibu na baba yake. Mzee alikuwa ameokota vijiti vilivyochomoka kwenye majani yaliyopasuka. Vile ambavyo havikuvunjika alivilaza juu ya goti, kimoja kimoja.

"Havifiki hata konzi," akasema.

"Baba, kwa nini ulibandika ile tepu?"

Mzee akalaza kijiti kingine gotini. Alipoongea, aliviambia vile vijiti.

"Jana niliiosha gari. Nikawasha, nikaona taa. Nikatia maji, ikazima. Nikamaliza kufuta viti, ikawaka tena. Nikajua kunavuja mahali." Akapuliza vumbi kwenye kijiti. "Ningekuambia. Lakini nilijua ukiiona utafurahi."

Kagwiria akaanza kuokota vijiti naye, asimtazame.

"Utafurahi," mzee akarudia, bila ukali wowote. "Kama siku ile ya tumbo. Mimi nilikusikia jikoni ukiimba, mchana, mimi nikiwa nimeshavua koti. Ningefanya nini? Nikasema, nikikuuliza utasema hapana. Nisipokuuliza, hujasema. Ndambiri akaniuliza, nikamwambia umekubali."

"Ungeniuliza, Baba."

"Na ungejibu?"

Miezi mitatu. Hapana, asingejibu. Angesema "sawa, Baba", akaenda kufuta dashibodi.

"Niliiona Jumanne," akasema.

"Nini?"

"Taa. Niliiona Jumanne, nikaiacha iwake ili nikuonyeshe leo."

Mzee akainua kichwa. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyegeuza uso.

Simu ikalia.

Ilikuwa mfukoni mwa koti la Muthamia, inatetemeka. Akaitoa. Kwenye kioo kulikuwa na jina moja: *Phyllis*. Akajaribu kubonyeza, vidole vikakataa. Vilikuwa vimechubuka kwa jiwe. Akainyoosha kwa binti yake.

Kagwiria hakuwahi kuongea na mwanamke huyo. Hata jina lake hakulitamka, wala lile la heshima ambalo watu humwitia, Mama Mutugi. Alisema "yule mama wa Embu". Alikuwa amemchora kichwani mara nyingi, sauti kali, mikufu mingi, akiingia jikoni kwa Beth, mama yake Kagwiria, na kuhamisha masufuria. Miaka minne Beth yuko kaburini na masufuria bado yako pale pale alipoyaacha.

Akapokea.

"Muthamia?" Sauti ilikuwa ya chini, yenye wasiwasi. "Muthamia, uko?"

"Ni Kagwiria."

"Kagwiria. Mko salama? Nimekuwa na moyo mzito tangu asubuhi. Mmeumia?"

Hakuuliza wako wapi. Hakuuliza saa.

Kagwiria alikuwa amejiandaa kuichukia sauti hiyo, na sasa hakujua aiweke wapi chuki yenyewe.

"Hatujaumia," akasema. "Breki zimekataa hapa Nithi. Baba yuko salama. Furushi... gari limelipanda. Baba alilitia chini ya gurudumu ili nisirudi darajani. Limefunguka. Limevunjika lote."

Upande wa pili pakasikika watu wakinong'ona. Kiti kikakwaruza sakafu. Kagwiria akaelewa, akiwa amechelewa, kwamba simu ya Embu nayo ilikuwa imefunguliwa sauti yote, katikati ya sebule, na wazee wamekaa kuizunguka.

"Furushi lililofunguka njiani," akasema mmoja wao, "si hao wenyewe ndio walitwambia haliwi furushi?"

"Ngoja," sauti nene ya Ndambiri ikamkata. Kisha ikasogea karibu na simu. "Binti. Mambo ya vijiti tutayazungumza. Mimi nina swali moja, na sitaki baba yako alijibu. Alituambia umekubali. Ni kweli ama si kweli?"

Muthamia alikuwa amesikia kila neno. Hakumwashiria kitu. Aliinamisha kichwa tu, mikono imefunika vile vijiti juu ya goti, kama mtu anayesubiri kupigwa na amekubali kupigwa.

Lingekuwa jambo rahisi. *Ndiyo, nimekubali.* Maneno mawili tu, ya kufunika kama tepu.

Kagwiria akasimama. Akaiweka simu mbele ya mdomo kwa mikono miwili.

"Si kweli," akasema. "Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikutaka."

Upande wa Embu kikombe kikagonga sahani.

"Mwezi uliopita sikuwa naumwa. Na taa ya breki niliiona Jumanne nikanyamaza, kwa sababu nilitaka gari lisifike kwenu. Leo imebaki kidogo nimuue baba yangu kwa kunyamaza, kwa hiyo sasa nasema, na mnisikie wote." Akavuta pumzi. Machozi yalikuwa yanashuka, akayaacha yashuke. "Mama Mutugi, mimi sitaweza kukuita mama. Leo siwezi, na kesho pia sijui. Mama yangu ninaye, hata kama hayupo. Lakini baba yangu anakula chakula cha jioni akiangalia ukuta. Ameuangalia huo ukuta miaka minne, na mimi sijui maneno ya kumwambia. Wewe unayajua. Nasikia anavyocheka na simu."

Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, meno yake matano yanaonekana.

"Kwenye furushi tumebakiwa na vijiti vichache, havijai mkono," Kagwiria akasema. "Mkivikataa, mmevikataa. Lakini msiseme mmekataa kwa sababu ya binti. Binti anasema: njoo. Nataka uje."